Zamu ya Kapitolina

Ukumbini pale Leningrad, watu waliokuja kutazama sataranji walimjua Kapitolina Yegorovna kwa mgongo wake. Mgongo mwembamba, sweta ya kijivu yenye viraka viwikoni, nywele zilizofungwa kisogoni. Uso wake wachache waliuona, maana kazi yake ilikuwa kusimama jukwaani akitazama ubao mkubwa wa ukutani. Mabingwa wakisogeza kete mezani, yeye alichukua fimbo ndefu yenye ndoano, akaitungua kete ile ile ukutani, akaitundika kwenye mraba wake mpya, ili hata aliyekaa safu ya mwisho aone kilichofanyika. Basi. Hakutakiwa kufikiri. Mwamuzi mkuu, mzee Valeryan Osipovich, aliwaambia wasogeza kete wote kwamba akili zao waziache chumba cha makoti.

Na watu wa mji ule, mniwie radhi, hawakuwa wazima linapokuja suala la sataranji. Miaka hiyo baada ya vita mtu aliweza kukosa soksi, lakini tiketi ya mashindano ataipata, hata kwa kusimama kwenye theluji tangu asubuhi. Wanawake walijua majina ya mabingwa pamoja na magonjwa yao ya tumbo. Waliokosa nafasi walibaki barabarani, wakitangaziwa kila hatua kwa kelele kupitia dirisha la choo.

Mchana Kapitolina alishona kofia kiwandani. Aliishi chumba kimoja katika nyumba ya jiko moja na familia nyingi. Karibu na dirisha aliweka kimeza, na juu yake ubao wa sataranji ambao kete zake zilisimama katikati ya mchezo. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Alizifuta vumbi kwa unyoya wa bata, moja moja, bila kuzitikisa.

"Binti, hapo ningeweka samovari yangu ya chai," jirani yake Agrafena Petrovna alimwambia karibu kila Jumapili. "Wenzako wana waume, wewe una vibao."

"Vibao havikoromi, shangazi."

"Havikoromi, sawa. Na viazi vitakuletea?"

Kapitolina alicheka, akafunga mlango. Agrafena alikuwa mtu mzuri mwenye mdomo mbaya, na kisa cha ubao ule hakukijua. Hakuna aliyekijua.

Mchezo ule ulianza Agosti ya mwaka wa arobaini na moja, kati yake na kaka yake Rodion. Kapitolina alicheza na kete nyeusi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na Rodion alizoea kumtania kwamba anacheza kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani, kila mara anarudi nyuma. Rodion alisogeza ngome yake katikati ya ubao, akaegemea kiti, akajisifu kidogo. Kisha lori la wanaojitolea kwenda vitani likapiga honi mtaani, mapema kuliko walivyotarajia. Akainuka, akavaa koti.

"Zamu yako, Kapa," alisema mlangoni. "Usiharakishe. Nikirudi utanionyesha."

Hakurudi. Karatasi ya jeshi ilisema tu kwamba hajulikani alipo. Mji ukazingirwa na adui, chakula kikaisha. Baridi ile Kapitolina alichoma viti, rafu, milango ya kabati na viatu vya marehemu baba yake. Alichemsha gundi ya seremala, akamnywesha mama yake, na mama akafa hata hivyo. Kete hakuzichoma. Siku moja aliketi mbele ya ubao amevaa kofia mbili, njaa ikiwa imemfikisha pale ambapo mtu huona vitu kwa uwazi wa kutisha, na akaiona hatua yake. Farasi mweusi arudi nyuma mpaka pembeni kabisa, kwenye kona, mahali ambapo mwalimu yeyote humkataza mtoto kumpeleka. Kila mwenye akili angesogeza mfalme. Lakini farasi akirudi konani, ngome ya Rodion inabaki bila pa kwenda na mchezo unageuka.

Aliiona, na hakuicheza. Alijiambia hivi: maadamu ni zamu yangu, kuna mtu ananisubiri. Nikicheza, zamu itakuwa yake, na asipojibu nitajua. Mkono wake ukarudi mapajani. Ulikaa hapo miaka kumi na mitano.

Mimi siwezi kumcheka. Mji mzima ule ulikuwa umejaa watu waliokuwa wakiacha mlango bila kufuli kwa ajili ya mtu fulani.

Sasa tuje kwenye mashindano ya baridi ya mwaka wa hamsini na saba. Aliyeongoza alikuwa Tikhon Vasilyevich Zatonov, bingwa kutoka kaskazini, mtu mrefu aliyecheza na skafu shingoni hata ukumbi ukipata joto, na ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Akishinda siku hiyo, taji lilikuwa lake. Mbele yake aliketi Eglitis, kijana wa Riga mwenye mashavu mekundu. Zatonov alikuwa na kete nyeusi. Kapitolina alipewa ubao wao.

Kwanza ilikuja harufu. Alikuwa ametundika hatua chache tu aliposikia gundi ya seremala, ile gundi iliyochemshwa, ikitoka kusikojulikana. Alitazama nyuma ya pazia. Hakukuwa na sufuria wala seremala. Akadhani ni kichwa chake, akaendelea na kazi.

Kisha Zatonov akasukuma askari wa pembeni kabla ya wakati wake. Ni kosa la mwanafunzi, na ukumbi ukanong'ona. Kapitolina hakunong'ona. Kosa lile lilikuwa lake yeye, la Agosti ile. Alilitundika ukutani, na vidole vikaanza kumfa ganzi.

Eglitis akajibu vilevile alivyojibu Rodion. Zatonov akacheza alivyocheza Kapitolina. Malkia kwa malkia wakaondoka. Alipozitungua kete hizo mbili zikagongana hewani, na katika mlio huo alisikia kiti kikilia, kiti cha nyumbani, kile alichokichoma kwa mikono yake mwenyewe. Mgongoni kwake walikaa watu mia kadhaa, na hakusikia hata mmoja akipumua. Ilikuwa baridi ya chumba kisicho na moto. Aliogopa kugeuka. Alikuwa na hakika kwamba akigeuka atakuta viti vitupu vyote isipokuwa kimoja.

Alijaribu kujituliza. Michezo hufanana, alijiambia, mabingwa wamecheza maelfu kwa maelfu. Lakini kila hatua mkono wake ulijua kabla ya macho, na fimbo ilikwishaelekea kete kabla ya yule kijana kuigusa mezani. Eglitis mwenyewe alicheza haraka mno, bila kufikiri, uso umelegea na macho yako mbali, na mara moja Kapitolina alimwona akiutazama mkono wake mwenyewe kwa mshangao, baada ya kusogeza.

Halafu kijana yule akachukua ngome, akaiweka katikati ya ubao, akaegemea kiti.

Kapitolina akaitundika. Ukutani, kwa ukubwa wa mlango wa kanisa, ulisimama mchezo wa kimeza chake.

Zatonov akashika kichwa kwa mikono miwili. Saa yake ikatembea. Alifikiri, akafikiri, mpaka watu wakaanza kukohoa. Kapitolina alisimama na fimbo, akisali kwa namna ya mtu asiyejua sala, kwamba bingwa asogeze mfalme. Asogeze mfalme tu, kama kila mwenye akili, na ubao huu uwe ubao mwingine, wa watu wengine.

"Kapa," mtu alisema karibu na sikio lake, kwa uchovu na subira. "Basi, nionyeshe."

Hatujui ilikuwa nini. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba hakuamua. Fimbo iliinuka, ndoano ikamshika farasi mweusi, ikamrudisha nyuma mpaka konani, na mbao zikagongana kwa mlio uliofika safu ya mwisho.

Ukumbi ukavuma. Walidhani bingwa amecheza. Taa nyekundu ya kuamuru kimya ikawaka, na ndipo wale wa mbele wakaona kwamba mikono ya Zatonov bado iko kichwani na saa yake bado inatembea. Hapo mvumo ukageuka kelele. Zatonov akainua uso, akautazama ukuta. Uso ulimpauka mpaka midomo.

"Amepewa hatua," Eglitis alisema akiamka, kana kwamba ametoka usingizini. "Mwamuzi, bingwa amepewa hatua na ukuta."

Valeryan Osipovich alikuja mbio kadiri umri ulivyomruhusu. "Mrudishe farasi," alimwambia Kapitolina kwa sauti ya chini. "Mama, umerogwa? Mrudishe."

Hakuweza. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Mzee akamnyang'anya fimbo, akamrudisha farasi mwenyewe, akikosa ndoano mara mbili mbele ya watu wote, kisha akamsukuma Kapitolina taratibu nyuma ya pazia. Huko, kwenye chumba cha kuhifadhia mapazia ya michezo ya kuigiza, alisikia ukumbi ukinyamaza, kisha ukiguna kwa pamoja. Zatonov alikuwa amesogeza mfalme. Hatua ile bora haikuwa yake, na mtu yule hakutaka cha mwenzake. Nusu saa baadaye alikuwa ameshindwa, na taji likaenda kwa mwingine.

Mwamuzi akaja kumkaripia. Alimwambia ameharibu mashindano ya nchi, kwamba miaka yote hii alimwona mtu makini, kwamba kesho asije wala keshokutwa. Kapitolina aliitikia kila neno. Alichokuwa akisikia kweli ni kitu kimoja tu: amecheza. Zamu si yake tena. Miaka kumi na mitano ameibana, na leo imemponyoka mbele ya watu.

Mlango ukafunguka, akaingia Zatonov na skafu yake.

"Valeryan Osipovich, tuachie nafasi."

"Tikhon Vasilyevich, ukitaka tuandike malalamiko—"

"Sina malalamiko. Tuachie."

Mzee akatoka. Zatonov hakuketi. Alimtazama yule mwanamke kwa muda, sweta yake, viraka vyake.

"Wewe ni Kapa," alisema.

Tangu mama yake afe hakuna kinywa alichokiona kikilitamka jina hilo. Kapitolina alishika pazia lililokuwa karibu, lisilotundikwa popote, likamwangukia mikononi.

"Nani kakwambia?"

"Farasi. Mtu mmoja tu duniani aliniambia kwamba mahali pale farasi atarudi konani, na mtu mmoja tu duniani atamrudisha. Nililala hospitali ya mji wa Vologda baridi ile ya pili ya vita. Kitanda cha jirani alikuwa Rodion Yegorovich. Nilifinyanga kete kwa mkate. Kila siku ananiambia, Tikhon, panga. Napanga mchezo huo huo. Nikitaka kucheza kwa upande wako ananikataza. Ananiambia, wewe kaa kimya, ni zamu ya dada yangu, ni mzito huyo."

"Mbona hakuandika?"

"Walimwambia mtaa wenu umepigwa mabomu, hakubaki mtu. Asubuhi alisema umekufa. Jioni alisema unafikiri."

Kapitolina akakaa juu ya lundo la mapazia.

"Mimi nilimbishia," Zatonov aliendelea. "Nikamwambia huyo dada yako akicheza hivyo ni mjinga, kila mtu atasogeza mfalme. Akacheka mpaka muuguzi akaja. Humjui Kapa, aliniambia. Leo nilipoona mambo yanakwenda kule, nilianza kuyasaidia kwa upande wangu, nakiri, kwa udadisi tu. Nilitaka kukaa mahali pako nione unachokiona. Lakini nilisogeza kete nyeusi tu. Huyu kijana alikuwa mtoto Riga wakati huo. Hakulala Vologda. Nimemuuliza sasa hivi kwa nini alicheza vile, akaniambia hakumbuki."

Ile harufu ya gundi bado ilikuwa chumbani, na Kapitolina aliona kwamba Zatonov naye anaisikia, maana alikunja pua akatazama huku na huku.

"Alikufa lini?" Kapitolina aliuliza. Ni swali alilolikimbia tangu ujana, na lilitoka kirahisi tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Mwezi wa tatu. Baridi iliila mikono yake kwenye mahandaki, wakaikata yote miwili, na kidonda kikaoza. Mimi ndiye niliyekuwa nikisogeza zile kete za mkate. Yeye alisema tu, mimi nasogeza."

"Na farasi akirudi konani? Angejibu nini?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema hana jibu. Alisema alikwishaliona kosa lake akiwa kwenye lori, kabla hawajafika daraja. Ukimrudisha farasi umeshinda, na yeye kazi yake ni kuinuka akupe mkono." Bingwa akalegeza skafu shingoni. "Mkono hakuwa nao. Akaniambia, Tikhon, siku utakapokutana na mwanamke atakayecheza hivyo, utampa wa kwako."

Akanyoosha mkono wa kulia, wima na wazi, vile wanavyonyoosha mezani walioshindwa.

Kapitolina aliutazama. Alijua vizuri maana yake, kuliko sisi sote. Mkono ukishikwa, saa husimamishwa, kete hukusanywa, na watu huenda nyumbani. Aliificha mikono yake nyuma, ndani ya yale mapazia, akatikisa kichwa mara kadhaa. Zatonov hakuushusha mkono.

Halafu Kapitolina akainuka, akajifuta kiganja kwenye sketi, akaushika. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kumshinda kaka yake maisha yake yote.