Biri Tatu za Baba

Baba yangu alikuwa mtu wa biri, zile sigara nene za majani ya tumbaku. Sigara za karatasi hakuzitaka. Alisema ni moshi wa watu wenye haraka. Alikuwa akiendesha winchi bandarini Kilindini, na meli ikimaliza kupakuliwa pasiwe na mzigo uliovunjika, baadhi ya maofisa wa meli walimpa biri moja au mbili. Alizileta kwetu Likoni ndani ya mfuko wa shati. Alikula kwanza, akanawa, kisha akakaa nyuma ya nyumba akavuta nusu. Nusu ya pili aliizima taratibu kwenye kifuu cha nazi, akaiweka kwa kesho. Kazi yangu ilikuwa kushika kiberiti. Ile pete ya karatasi nyekundu inayozunguka biri aliivua akanivisha kidoleni, na mimi nilikwenda nayo chuoni kwa maalimu wa Kurani kuwaringia wenzangu mpaka ikachanika.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alimwacha mama. Sababu zote sizijui, na zile ninazozijua si za kuandikwa na mtoto wao. Alihamia Changamwe, akaoa huko.

Mwaka uliofuata tulikutana naye kwenye feri. Mimi na mama tulikuwa tukirudi kutoka mjini, yeye alikuwa akivuka kwenda maziko Likoni. Alikuwa ameshika baiskeli. Aliniona akaita, "Binti yangu."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa ametazama maji. Sikuitika.

Akaita mara ya pili. Mtoto wa kike kwetu akiitwa na babake husema "abee" hata kama yumo usingizini, na watu wote waliokuwa karibu walikuwa wakingoja hiyo abee yangu. Nikajificha nyuma ya buibui la mama. Baba akasema, wala si kwa ukali, "Basi. Nitajua sina binti Likoni." Akaisukuma baiskeli yake akaenda kusimama upande wa pili.

Hatukuonana tena kwa miaka mitano. Nikamaliza darasa la saba, nikakaa nyumbani na mama tukisuka mikeka. Kisha tukasikia kwamba baba ameacha kazi. Miguu ilikuwa ikimvimba, na daktari alisema moyo umechoka. Aliyetuletea habari hiyo aliongeza kwa mzaha kwamba mzee hata biri hapati tena, maana waliokuwa wakimpa ni watu wa meli. Mama aliendelea kusuka. Mimi sikulala vizuri. Nilitaka radhi ya baba kabla hajafa. Nilitaka aniite tena, nami niitike.

Kwetu, Shaabani ikielekea mwisho, watu huendeana kuombana radhi ili waingie Ramadhani wakiwa na mioyo myeupe. Niliazimia kwenda siku hizo. Lakini kwenda mkono mtupu sikuweza. Mtu asiye na maneno huhitaji kitu cha kushika.

Nilifikiri sana nimpelekee nini. Katika duka moja mjini niliona kisahani cha kioo cha kuwekea majivu, kizuri, cha rangi ya kijani. Nilikishika nikakirudisha. Baba alikuwa na kifuu chake, na aliwahi kumwambia mama kwamba majivu hayajui kama yamo katika kioo. Niliona pia kiberiti cha petroli, kile cha kufungua kwa kidole gumba. Hicho nacho nilikiacha, kwa sababu alikuwa akisema petroli hubaki mdomoni. Kikoi ni zawadi njema, lakini kikoi humfaa baba yeyote. Mimi nilitaka kitu ambacho akikiona tu atajua kwamba nilikuwa nikimtazama miaka ile yote niliposhika kiberiti. Mwisho nikaona nitafute biri zenyewe, hata kama ni chache, na nimsukie kijamanda, kikapu kidogo chenye kifuniko, cha kuzitia.

Jirani yetu mmoja alikuwa mtumishi wa mezani katika hoteli ya Wazungu huko pwani ya kusini. Nilimngojea njiani akitoka kazini.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Mamako hajambo?"

"Hajambo. Ami, nataka biri."

Alicheka mpaka akaishika kofia yake isianguke. "Wallahi! Uhuru wenyewe haujafika, wanawake washaanza kuvuta biri!"

"Si zangu, ami."

"Za mchumba, basi? Mwambie anuse ugoro kama wenzake, asijitie Uzungu."

"Za baba."

Aliacha kucheka. "Babako wa Changamwe? Na mamako ajua?"

"Hajui."

"Basi na mimi sijakuona."

Nilimpa mkeka wa kuswalia niliousuka mwenyewe, na baada ya wiki akaniletea biri tatu zilizofungwa katika kitambaa cha mezani. Alisema si zile kubwa za matajiri, ni za wastani, lakini baba atazijua. "Uziweke pakavu," akaniambia, "tena uangalie wadudu. Kuna kidudu kidogo huzitoboa zikawa kama filimbi."

Kijamanda nilikisuka kwa chane nyembamba za ukindu, nyingine nikazitia rangi ya zambarau. Nilikifanya kirefu na chembamba, na kifuniko chake kilikaza hata ukikigeuza hakianguki. Mama aliniuliza ni cha nini. Nikamwambia ni cha sindano. Ulikuwa uwongo wangu wa kwanza kwake kuhusu jambo hili.

Uwongo wa pili ulikuwa wa kuficha. Mama alikuwa na sanduku la mbao la nguo za harusini, alilolifungua kwa Idi tu. Ndani aliweka vipande vya kafuri ili wadudu wasizile hariri. Niliona hakuna mahali bora. Pakavu, hapana mdudu, wala mama hatafungua kabla ya Idi. Nikakitia kijamanda chini kabisa, kati ya kanga za zamani. Hiyo ilikuwa Rajabu, mwezi kabla ya Shaabani.

Laiti ningekwenda juma lile lile. Nilivaa, nikafika kivukoni, feri ikaja ikaondoka, nami nikarudi nyumbani. Safari ya pili nilivuka mpaka ng'ambo, nikaliona basi la Changamwe limejaa watu wanaocheka, nikashindwa kupanda. Siku zikapita hivyo. Biri zikakaa na kafuri Rajabu ile na karibu Shaabani nzima.

Siku mbili kabla ya mfungo nililifungua sanduku mama alipokuwa kisimani. Sikusikia harufu yoyote. Nguo zetu zote njema zilikuwa na harufu ile tangu nizaliwe. Pua yangu haikuijua kuwa ni harufu.

Nyumba ya baba Changamwe ilikuwa ya vyumba viwili, karibu na njia ya lori zilizopeleka vyuma kwenye mitambo mipya ya mafuta. Mke wake alinipokea vizuri. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya juu, aliniita mwanangu kabla sijasema mimi ni nani. "Nani asiyekujua? Uso huo umekatwa na babako kwa mkasi!" Akaniingiza ndani.

Baba alikuwa amekaa kitandani, miguu juu ya mto. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilimbusu mkono. Nikampa kijamanda bila neno.

Alikigeuzageuza. "Umesuka mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Ukili umekaza," akasema, na akamwonyesha mkewe. "Tazama, hata maji hayapiti."

Alipofungua akaziona biri, alitabasamu. Alitoa moja, akaivua pete, akaiweka juu ya mto. Mkewe akamwashia kiberiti. Baba akavuta mara moja, akazuia moshi mdomoni kama alivyozoea. Kisha nikaona uso wake umebadilika. Akautoa moshi wote, akainusa ile biri, akakinusa kijamanda.

"Kafuri," akasema.

"Kafuri?" mkewe akadakia. "Kafuri hii ya maiti? Auzubillahi! Mgonjwa huletewa kafuri?"

Kila mtu kwetu ajua kwamba maiti akishakoshwa hutiwa kafuri kabla ya kuvishwa sanda. Mimi pia nilijua. Lakini kwangu kafuri ya maiti ilikuwa kitu kimoja, na kafuri ya sanduku la mama kitu kingine. Sikuwahi kuziweka pamoja hata siku moja mpaka nilipoliona jicho la baba.

"Ninalijua sanduku lenye harufu hii," akasema polepole. "Nililibeba mimi begani siku ya harusi. Mwambie mamako salamu zake nimezipata. Mwambie sijafa bado."

Maneno yaliyotakiwa yalikuwa machache mno. Mama hajui, ni mimi niliyeziweka. Mtoto wa miaka mitatu angeweza kuyasema.

"Baba," nikasema.

Alingoja. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba alingoja kweli. Aliishika ile biri inayozimika, akanitazama. Mimi nikautazama mkeka. Mwisho baba akageukia ukutani, akasema, "Mpe maji anywe, ana safari ndefu."

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama kila kitu, pamoja na uwongo wote. Nilidhani atanipiga. Alifunua sanduku akalinusa, akalifunga.

"Rudi kesho ukamwambie," akasema.

"Siwezi, mama."

"Utaweza. Nitakusindikiza mpaka mlangoni, mimi nisimame nje. Sitaki afe akidhani nilimletea kafuri."

"Nitamwandikia," nikasema. "Kuandika naweza."

Mama hakujua kusoma, akaniamini. Lakini kuandika kwangu ni kwa taratibu. Neno moja nalifikiria, nalifuta, nalirudia. Siku ya kwanza niliandika salamu. Siku ya pili niliandika habari za jirani na mkeka, nikaona ni upuuzi, nikachana. Mfungo ukaingia. Siku ya nne ya Ramadhani barua ilikuwa imekamilika, ukurasa mmoja na nusu. Nikaipaka uji wa wanga ukingoni, nikaikandamiza kwa kidole ili ifungike. Siku ya tano asubuhi, kabla sijapata mtu wa kumpa, akaja kijana kwa baiskeli kutoka Changamwe kutuambia kwamba baba hakuamka kula daku.

Tulikwenda na mama. Kwenye basi alinishika mkono kama mtoto mdogo. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Mama wa kambo alitukumbatia sote wawili, mama kwanza. Nilingoja mpaka alipokaa, nikamsogelea.

"Mama, alinitaja?"

Angeweza kunidanganya, na hakuna ambaye angejua. "Sikudanganyi, mwanangu, na mimi nimefunga," akasema. "Hakukutaja. Alikuwa kimya siku zote hizo."

Nilimshukuru. Sijui kwa nini, lakini nilimshukuru.

Kisha wanaume wakaliweka jeneza barazani, na mzee mmoja akapaza sauti. Sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia, tukisikia kila neno. Alisema marehemu alikuwa binadamu, na binadamu hukosa. Aliyedhulumiwa naye, aliyevunjwa moyo naye, amsamehe hapa hapa, asimfungie njia. Wanaume wakajibu kwamba wamemsamehe. Hakuna aliyeuliza kama maiti naye amewasamehe waliobaki. Si desturi, na angejibu nani?

Ndani, wanawake wakajibu kwa sauti za chini. Mama wa kambo alijibu. Mama yangu alijibu. Nikaona zamu imefika kwangu, na safari hii sikutazama mkeka.

"Nimekusamehe, baba," nikasema, na sauti ikatoka kubwa mno hata wakageuka wote kunitazama.

Nje wanaume wakainua jeneza.