Njia ya Darini

Watengeneza sinema ni waongo, na uongo wao mkubwa ni ule wa bomba la hewa. Mtu kafungiwa, walinzi wana bunduki mlangoni, basi anatazama juu, anang'oa kifuniko cha chuma na kuingia. Humo ndani pana nafasi ya kutambaa kwa raha zake, pana mwanga usiojulikana unatoka wapi, na shati lake linabaki jeupe. Nimezitazama sinema hizo tangu enzi za banda la video hapa Bariadi, na hadi leo nazitazama kwenye simu huku nikibishana nazo. Mke wangu huniambia nizime nilale.

Nyumba zetu hazina mabomba hayo. Zina matundu ya hewa juu ya dirisha, ambayo hata paka hapiti, na zina dari. Mimi niliweka dari ya jipsamu chumbani na sebuleni. Hela ikakata, kwa hiyo jikoni ukiinua macho unaona mbao na mabati.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya msimu wa pamba. Nilirudi mchana kula, kisha nikajilaza chumbani kidogo. Mke wangu alikuwa uani anafua, akadhani nimeshaondoka. Nilipozinduka nikasikia sauti sebuleni. Alikuwa mama mkwe, katoka Ipililo bila taarifa, anaongea na mke wangu.

Asiye Msukuma atauliza, sasa hapo kuna nini? Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Vijana wa mjini wameacha, ila mama huyu hakuacha hata chembe. Miaka yote ya ndoa yangu tulikuwa tukisalimiana yeye upande mmoja wa ukuta, mimi upande wa pili. Na mlango wa chumba changu unafungukia sebuleni, mbele ya kiti alichokalia. Dirisha lina nondo. Simu ya mke wangu ilikuwa kitandani inachaji, kwa hiyo hata ujumbe nisingeweza kumtumia, na kuita nako kungemjulisha mama kwamba nimelala nyuma ya mlango anaoutazama. Mfukoni nilikuwa na funguo za ghala ninalolisimamia, na magari ya pamba kutoka Nkoma yalikuwa yakinisubiri yapakuliwe.

Nikatazama juu. Fundi aliacha kimlango cha kupandia darini, juu ya kabati. Nikajiambia kwamba nitatambaa juu ya sebule, nishukie jikoni, nitoke kwa mlango wa nyuma. Mtu mzima na mvi zangu, nikapanda kabati.

Jamani. Mabati ya saa nane mchana yanachoma, mavi ya popo yamejaa, na misumari imechomoza kila mahali. Unatambaa juu ya ubao mmoja mwembamba, maana ukiegemea jipsamu unashuka nayo. Hakuna sinema iliyowahi kunionyesha shujaa anajing'ata mkono ili asipige chafya.

Kitu kimoja tu hawakudanganya. Ukiwa juu, unasikia kila neno.

Walikuwa wakizungumza Kisukuma, mke wangu akimwita mayu, yaani mama. Mama alisema ana uvimbe kwenye titi. Umekuwa mkubwa, umeanza kutoa maji, na anaufunga kwa kitambaa ndani ya gauni. Daktari wa Maswa alimwambia aende Mwanza haraka, lakini yeye haendi. Amekuja kumuona binti yake tu, kisha arudi nyumbani akasubiri siku yake.

Mwezi uliotangulia alitutumia mchele, nami nikala nikisifia nguvu za bibi yule shambani.

Mke wangu alikuwa analia. Alisema atanieleza mimi, nitatafuta namna.

"Usithubutu," mama akamkatiza. "Mkwe wangu aambiwe habari za titi langu? Hiyo ni kunivua nguo mbele yake. Niapie kwamba hutamwambia."

Namjua mke wangu. Akiapa kwa mama yake, ameapa, hata umchinje hasemi. Nikamsikia akivuta kamasi, akaanza, "Mayu, naapa..."

"Usiape," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Sauti ilitoka yenyewe, ikagonga mabati, hata mimi nikaiogopa. Nikabaki juu ya ubao ule na aibu yangu, nikijua nimevunja heshima ambayo mama huyu aliitunza maisha yake yote, na kwamba huenda akainuka aende zake asirudi tena. Lakini nilishafungua mdomo.

"Mayu, nisamehe. Nimesikia. Usirudi Ipililo, kesho twende Mwanza. Nakuomba."

Nikasikia kiti kikilia. Kupitia upenyo pembeni mwa taa niliona khanga ikivutwa, ikafunika kichwa na uso wote. Hakuinua macho. Jasho langu lilidondoka kwenye jipsamu.

"Mwambie mume wako ashuke," hatimaye alimwambia binti yake, kwa sauti ya chini. "Huko juu kuna joto."

Mke wangu akafuta machozi, akainuka.

"Na mwambie nitakwenda. Ila yeye akae mbele na dereva. Mimi nitakaa nyuma."