Mtoto Aliyebadilishwa kwa Karai

Siku ambayo sijaisahau, mwanangu, ni ile niliyomkataa msichana niliyempenda, tena nikajisifu kwamba nimetumia akili. Nilikuwa fundi wa malori Makambako. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, sabuni na vitenge vimerudi madukani, na malori ya Tunduma yanapita mjini kwetu mchana kutwa. Kila mtu alitaka kuonekana mtu. Mimi nilitaka ukoo wa kujivunia.

Ugonjwa huo niliupata gereji. Mwenye gereji, Mzee Sherdil, alikuwa Mwislamu mwenye ndevu nyeupe na ulimi mkali. Watu walimwita Mhindi, naye kila mara aliweka spana chini awasahihishe: yeye ni Mpashtuni, wa kabila la Waafridi. Babu yake alikuja huku zamani za Waingereza. Mzee mwenyewe alizaliwa Iringa, hakuwahi kuiona Tirah, nchi yao ya milimani kule Pakistani inapopakana na Afghanistani. Lakini aliisimulia kama mtu aliyetoka huko jana: mabonde ya juu yenye baridi, na watu wake wakishuka na mifugo hadi tambarare baridi inapozidi. Upepo wa Makambako ukivuma alikuwa akisema, "Huu umetumwa na babu zangu." Kisha, huku akiosha vipuri, aliwataja mmoja mmoja, baba, babu, baba wa babu, mpaka Afridi mwenyewe. Nilimsikiliza kwa wivu, maana mimi niliishia kwa babu wa baba yangu.

Sasa, msichana huyo aliitwa Neema, wa Uwemba. Mama yake alikuwa mgonjwa aliyetoka mbali kwenda hospitali ya Ikonda, akafariki njiani, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Alimwacha Neema akiwa mchanga, na mjane mmoja wa Uwemba akambeba mgongoni, akamlea. Nawe unatujua sisi Wabena: kabla ya posa wazee huuliza habari za ukoo wa binti mpaka wachoke wenyewe. Mama yangu, Mlutheri kwelikweli, alikuwa ameshameza kwamba Neema ni Mkatoliki. Lakini wazee waliporudi na kusema, "Hana kwao," mimi ndiye niliyewaambia wapeleke ujumbe kwamba tumeghairi. Ndiyo, mimi. Hakuna aliyenilazimisha.

Kesho yake asubuhi nikamweleza mzee, nikitarajia sifa.

"Wewe unawajua baba zako wote," nilimwambia. "Yeye hamjui hata mmoja. Wanangu ningewaambia nini?"

Mzee alikasirika. Alimwaga dizeli iliyokuwa kwenye karai la kuoshea vipuri, akalifuta kwa tambara, akaniwekea magotini.

"Juu ya Afridi kuna nani?" akauliza.

"Hujawahi kumtaja."

"Yuko Karlan. Wazee wetu husimulia kwamba ndugu wawili walipita kwenye kambi iliyohamwa na watu. Mmoja akaokota karai la chuma. Mwingine akaokota mtoto mchanga, hana baba wala mama. Yule wa karai hakuwa na mtoto, akasema tubadilishane, wakabadilishana. Mtoto huyo ndiye Karlan. Makabila mengi ya milimani yanatokana naye, na sisi Waafridi tumo."

Nikabaki nalitazama lile karai.

"Majina yote unayonionea wivu," alisema, na hasira ilikuwa imemtoka, "juu yake yupo mtoto wa kuokotwa. Aliyemchukua hakuuliza ukoo. Na yule mwingine, kijana wangu, alirudi nyumbani na karai. Mimi hata jina lake silijui."

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Nilivua ovaroli, nikadandia lori lililokuwa likienda Njombe kuchukua mbao, na huko nikatafuta usafiri mwingine wa kufika Uwemba. Nilimkuta Neema shambani, anapalilia viazi.

"Kamwene," nikamsalimu. Hakuinua kichwa.

"Wazee wako walituma mtu jana," alisema. "Na wamesema kweli. Mimi sina majina ya kukuhesabia."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yote yakanipotea. Nikasema, "Basi wanangu wataanza kuhesabu kwako."

Hakunirukia shingoni, usidhani. Alinikabidhi jembe, akanionyesha matuta yaliyobaki, akaenda kumwambia mlezi wake kwamba kuna mgeni. Wazee wangu walirudi kuomba radhi mara tatu, na yule mjane aliwaacha wapigwe na baridi ya uani hadi mara ya tatu.

Mwanangu, jua ulikotoka na uwafundishe wanao. Mzee Sherdil alishikilia hilo mpaka kaburini. Ila usimkatae mtu kwa sababu majina ya nyuma yake yamepotea. Uliza ana moyo gani, na ni nani aliyempenda mpaka akakua. Wajukuu wangu wakitaja ukoo wa bibi yao, wakifika kwa Neema husimama hapo, vifua mbele. Nami nikiwasikia hunitoka machozi, sioni haya kukwambia.

Mungu akulinde, akupe nyumba yenye amani, na siku yako ya kuchagua ikifika, akujalie uliache karai.