Pikapu ya Musyoka na Herufi P

Nakumbuka Jumamosi moja huko Tassia, Nairobi, mwanangu, nilipovunjwa mguu na gari ambalo ploti nzima ilikuwa imetoka kulisifu. Nilikuwa mama kijana, mtoto wangu wa kwanza ndio kwanza anajifunza kutembea. Mume wangu alikuwa msimamizi wa ploti, na mimi msaidizi wake asiye na cheo.

Ploti yenyewe, ua wa nyumba za kupanga, ilikuwa nyembamba na magari yalizibiana njia. Kwa hiyo kila mpangaji mwenye gari alituachia ufunguo, na aliyetaka kutoka alibisha hodi kwetu tumsogezee lililomzibia. Kuendesha nilifundishwa na kaka yangu kule Bungoma, na sijisifu nikisema nilimshinda mume wangu. Yeye anajua, ingawa hajawahi kukubali.

Musyoka, mpangaji wa ghorofa ya pili, alikuwa na pikapu ya otomatiki aliyoiinua juu na kuivisha magurudumu makubwa ya kupandia milima ya kwao Makueni. Giaboksi ya zamani haikuyaweza magurudumu hayo. Kila mlima ilichemka na kuteleza. Akaipeleka gereji moja Industrial Area, akafungiwa nyingine yenye nguvu, iliyotolewa kwenye gari zito zaidi. Ilifanya kazi vizuri, simnyimi haki yake. Lakini leva ya gia, ile ya ndani, ilibaki ileile, na haikupatana na giaboksi mpya. Ukiiweka kwenye P, mahali ambapo gari linapaswa kujifunga lisiende popote, giaboksi ilikuwa bado haijafunga. Ilibidi uivute tena kwa nguvu mpaka usikie mlio.

Fundi alilijua hilo. Musyoka alilijua, na akamwambia mume wangu pale getini, "Hiyo ni kitu kidogo, mkono ishazoea." Mimi sikuambiwa. Wanaume wa ploti ile waliambiana habari za magari kama mambo ya jandoni.

Jumamosi hiyo mume wangu alikuwa ameenda matanga. Baba Faith, jirani wa chini, akaja mbio: mtoto ana homa kali na pikapu imemzibia. Nikachukua ufunguo, nikairudisha pikapu nyuma hadi ng'ambo ya barabara, palipoinuka kidogo, pua ikitazama geti. Nikaweka P. Nikavuta na handbreki, ambayo baadaye tulijua ilikuwa imelegea tangu gari liinuliwe. Nikashuka kumwongoza Baba Faith atoke. Alipopita tu, nikasikia kokoto zikisagika nyuma yangu. Kugeuka, bampa imeshafika, ikanibana mguu kwenye nguzo ya geti.

Vijana wa ploti waliisukuma ikaniachia. Musyoka alishuka ngazi taulo begani, na kitu cha kwanza alichoangalia ni bampa. Hilo sijalisahau.

"Huyu mama hajui gari!" akapiga kelele. "Nani alimpea ufunguo? Landlord lazima aambiwe!"

Mtoto wangu alikuwa akilia mlangoni. Nami nimelala vumbini, naona kazi ya mume wangu na chumba chetu vinaondoka. Nilikuwa na maneno mawili tu. "Niliweka P," nikasema, na nikayarudia kwa kila aliyeinama kunitazama.

Mzee Okoth, aliyestaafu kazi ya reli, hakubishana na mtu. Alipanda ndani ya pikapu polepole, akachungulia, akamwita Musyoka.

"Kuja uone leva iko wapi."

Ilikuwa kwenye P.

"Lakini hapo lazima uvute tena, mzee. Nilimwambia bwanake."

"Uliambia bwanake. Na gari yako inaambia kila mtu kitu ingine," mzee akasema. "Kijana, umeweka mashine kubwa hivi, alafu ukaacha uongo hapa kwa mkono wa dereva? Sasa beba huyu mama, mpeleke hospitali, na usiongee njiani."

Alinibeba. Alilia, mwanaume mzima, nami nikamwacha alie, maana maumivu hayakuniachia nafasi ya kumbembeleza mtu.

Mwanangu, sikukatazi kufunga giaboksi yenye nguvu kwenye hilo gari lako unalotaka kuliinua. Gari lililoinuliwa linaihitaji, na ile ya Musyoka ilidumu miaka. Ninachokuambia ni kwamba kazi haijaisha kwa sababu gari limepanda mlima. Itaisha siku mtu usiyemjua atakapoingia, afuate yaliyoandikwa, ashuke salama. Fundi akikuambia "utazoea," mrudishie gari gerejini, hata kama unachelewa safari. Wewe utazoea, ndiyo. Lakini siku moja atakayeshika ufunguo si wewe. Na mtu akiumia, mwangalie mtu kwanza, bampa itangoja.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, na ailinde miguu ya kila atakayesimama mbele ya gari lako.