Risiti Namba Sabini na Mbili

Siku niliyochana risiti namba sabini na mbili kutoka kwa kitabu cha Mama, mwanangu, nilikuwa nimefurahi sana. Hapo ungejua kuna shida. Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi madarasa mawili tu. Anayechapwa mapema huzeeka mapema, na mimi ni mzee sana.

Mama ni afisa wa mifugo hapa Kitengela, na ndiye mweka hazina wa chama cha maafisa wenzake wa Kajiado nzima. Kila mwanachama akilipa ada, anapewa risiti yenye muhuri, na nakala ya kaboni inabaki kitabuni. Kitabu na muhuri vilikaa juu ya kabati. Mimi niko na mikono mirefu.

Nikaandika hivi: "Imepokelewa kutoka kwa Mwalimu wa Hesabu. Kiasi: viboko vinne. Kwa malipo ya: kutojua pembetatu. Karibu tena." Nikagonga muhuri, nikaipeleka shule. Darasa lilicheka hadi mwalimu mwenyewe akaingia, akaisoma polepole, akaiweka mfukoni. Nakala nilikuwa nimeichana pia, nikaificha kwa mkebe wa jometri. Kila ofisi huweka rekodi.

Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Usaha ulikuja Ijumaa jioni, siku moja kabla ya mkutano mkuu wa chama, mkaguzi wao Bwana Adan alipokuja kupitia vitabu. Alikunywa chai vikombe viwili, akipekua, halafu kidole chake kikasimama.

"Mama Lemayian, sabini na moja iko. Sabini na tatu iko. Sabini na mbili imeenda wapi?"

"Sijui."

"Sijui haiandikwi kwa ripoti. Kesho Kajiado wataniuliza. Nitasema mtu alilipa, na pesa haikufika benki."

Mama aliweka birika chini kama linaweza kuvunjika, na birika letu ni la bati. Miaka sita ameshika pesa za watu bila shilingi kupotea, na kesho angeitwa mwizi mbele ya watu aliosoma nao chuo. Mwanangu, nilienda tu nikaleta mkebe.

Bwana Adan aliisoma nakala. Masharubu yalitetemeka kidogo, akayatuliza.

"Na ile yenyewe? Hii bila yenyewe haitoshi. Mtu anaweza kuwa nayo huko, amelipa mia tano."

"Iko kwa mwalimu wa Hesabu."

"Basi umesimama hapa kwa nini?"

Nilikimbia hadi nyumba za walimu. Mwalimu alikuwa anaitumia kuweka alama kwa kitabu chake cha maksi. Nilimweleza kila kitu. Akafikiria.

"Risiti ni yangu. Inaonyesha nimeshalipa. Nikikurudishia, si inabidi nilipe tena?"

Akalipa, mwanangu. Viboko vyote vinne. Safari hii sikuomba risiti.

Bwana Adan alibandika risiti na nakala yake mahali pake, akapitisha mistari miwili, akaandika IMEFUTWA, Mama akatia sahihi. Kesho yake huko Kajiado walitaka kujua ilifutwa kwa nini, Bwana Adan akawasomea. Nasikia mwenyekiti alilazimika kuvua miwani kwa kucheka. Mama walimchagua tena bila kupiga kura.

Sasa sikia, maana siku moja utashika kitabu cha watu, hata kama ni cha klabu ya drama. Ukikosea risiti, usiichane. Ipige mistari, uiache pale pale na aibu yake, kila mtu aione. Karatasi iliyoharibika haimuumizi mtu. Namba isiyo na karatasi humfanya mwizi mtu ambaye hajaiba. Na ukiwa umeshaichana, sema kabla chai haijapoa. Enkai, Mungu wetu, akupe mikono mifupi na marafiki wasiocheka haraka.

Mama alirudi jioni, akavua viatu. Halafu akasema: "Lemayian, hilo jina maana yake ni baraka, na bado nangojea. Kaoshe sufuria."