Siku Nilipochangiwa Deni la Mji wa Watu

Chekeni tu jamani, mimi nimeshazoea. Mpaka leo nikienda kwenye nyama choma ya mtu pale mtaani kwetu Doonside, lazima mmoja atanyanyua soda yake aniulize, "Kerubo, wale wa London uliwamaliza?" na meza nzima inakufa kwa kicheko, na mimi natabasamu huku shingo inawaka moto, kwa sababu ni kweli kabisa, kuna asubuhi moja ya ile lockdown ndefu ya korona ambapo nusu ya Waafrika wa western Sydney walinichangia pesa za kulipa deni la mabomba ya maji la mji ambao sijawahi kuukanyaga, deni lililokopwa na watu waliokufa zamani kabla baba yangu hajazaliwa.

Mwaka ule nilikuwa nasomea uhasibu huku nafanya kazi ya kutunza wazee, na nilikuwa nimebakiza somo moja tu nimalize, historia ya fedha za mabaraza ya miji (najua, hata mimi nilisinzia niliposoma jina lake), somo ambalo nilikuwa nimeshalifeli mara moja. Nikilifeli tena nalilipia upya, na pesa ya kulilipia upya sikuwa nayo hata ya kuota, maana shifti zangu zilikuwa zimekatwa mpaka nikasahau rangi ya yunifomu yangu, na kodi ya nyumba ilikuwa inanipita kama basi. Hilo sikumwambia mtu. Ukinipigia kuniuliza habari, jibu langu lilikuwa moja, "Niko poa, Mungu ni mwema," halafu nakata simu narudi kwenye uji wangu wa jioni.

Sasa mtihani wenyewe ulikuwa wa kuongea. Mwalimu wetu Margaret, mama mmoja mpole mwenye nywele nyeupe, alisema kila mtu atachagua baraza la jiji la mwanzo wa karne iliyopita, atasimama kwenye Zoom na kuongea kama mmoja wa watu wa wakati ule, yaani useme "mimi" na "sisi", kama mchezo wa kuigiza. Mimi nikachagua mweka hazina wa mji mmoja wa bandari, na nawaambia ukweli, yule mzee nilimpenda. Baraza lake lilikuwa limekopa London kwa huyu na yule, mkopo wa maji, mkopo wa mitaro, mkopo wa tramu, kila mmoja na riba yake ya kuumiza, na yote ilikuwa inaiva, yaani inafika siku ya kulipwa, karibu wakati mmoja. Mtu mwingine angejificha chini ya meza. Yeye alivaa kofia yake, akaenda kwa matajiri wengine waliokuwa na pesa, akawatandazia madeni yote bila kuficha hata senti, akawaomba mkopo mmoja mpya wa riba ndogo na miaka mingi, awalipe wote wa zamani apumue. Na wakampa! Nilikuwa nasoma habari zake usiku nasema peke yangu, huyu mtu ana moyo, kumbe kuna watu wanaweza kusema "tumekwama" mbele ya wageni na sauti isikatike.

Basi, shida ikaja kwenye Zoom. Margaret alitaka kila mwanafunzi afungue chumba chake mwenyewe, yeye na wenzake waingie kumsikiliza, na Zoom yangu ilikuwa ya bure, ile inayokukata katikati ya sentensi. Nikakumbuka chumba cha matanga. Sisi tuna kikundi chetu cha kusaidiana, Wakenya, Warundi, Watanzania kidogo, na wakati ule mipaka imefungwa, mtu akifiwa nyumbani hawezi kusafiri, kwa hiyo kikundi kililipia Zoom ya kudumu, tunakutana humo, tunaomba, tunaimba, tunachanga. Mimi ndiye niliyekuwa mshereheshaji, kwa hiyo nywila nilikuwa nayo. Nikawaza nimpigie katibu wetu, Deo, Mrundi mmoja wa mtaa wa St Marys, nimwombe ruhusa, lakini nikajua ametoka kazini usiku, amelala, kwa nini nimsumbue kwa saa moja tu? Nikakifungua kimya kimya. Huo ndio uamuzi wangu mdogo, na nauona mpaka leo nikifumba macho.

Nilichosahau ni kwamba chumba kile kikifunguliwa, simu ya Deo inalia. Na Deo hana utani na mambo ya msiba. Aliamka, akaandika kwenye group ya WhatsApp, "Chumba kimefunguliwa. Kerubo iko na jambo. Ingieni." Na sisi mnatujua, kwetu mtu haulizi nani amekufa ndipo aje, anakuja kwanza, atauliza akishakaa.

Mimi sijui lolote. Simu nimeizima nimeiacha jikoni, nimevaa koti refu jeusi la mitumba na kofia nyeusi ili nifanane na mzee wa enzi zile (nyeusi tii kuanzia kichwani, sasa fikirieni mtu anaingia kwenye chumba cha matanga ananikuta hivyo), nimejaza kioo kizima na slaidi zangu, naona uso wa Margaret tu kwenye kona. Nikaanza kwa Kiingereza changu kizuri: mabibi na mabwana, nasimama mbele yenu nikiwa na mzigo mzito, tumekopa, siku za kulipa zimefika, na hazina ni tupu. Nikaona idadi ya watu inapanda. Nikadhani Margaret ameita walimu wenzake waje wanisikilize! Jamani, kiburi. Nikapandisha sauti. Nikaweka mkono kifuani. Nilipofika pale pa kusema "sina pa kwenda isipokuwa kwenu", sauti ikanikatika yenyewe, machozi yakanilenga, na nikajisifu moyoni kwamba kumbe mimi ni mwigizaji.

Hapo ndipo nikasikia, "Uuuwi! Kerubo mwanangu!"

Nilikuwa naijua sauti ile. Mama Shiru, mwenyekiti wetu, nesi wa hospitali, mama anayenyamazisha wodi nzima kwa kukohoa. "Kwani ulikuwa unanyamaza aje na hiyo shida yote? Si ungesema!"

Nikafunga slaidi kwa haraka, na loo, kioo kimejaa watu wangu, kurasa na kurasa, wengine na leso kichwani, wengine kitandani, mmoja anakaanga kitu. Kabla sijafungua mdomo Deo akasema, "Bon, kabla ya yote tuombe," na akaomba, maombi ya Deo mnayajua, alianzia uumbaji, akamwambia Mungu hii deni iko kubwa lakini Wewe uko mkubwa kuliko problème yote, na Margaret na wanafunzi wenzangu, Mungu awabariki, wakainamisha vichwa.

Baada ya amina Margaret akaniuliza kwa upole, je, hawa ni sehemu ya mada yako? Mtu mwenye akili angesema hapana, samahani, naomba tuanze upya. Mimi nikaona somo linaondoka, ada inarudi, nikasema, "Yes. They are the lenders," yaani hawa ndio wakopeshaji. Akatabasamu akaandika kitu. Nikasema basi, liwalo na liwe.

Mama Shiru akauliza, "Na hawa wanaokudai ni akina nani?"

Nikamjibu nikiwa bado mweka hazina, "Ni wakopeshaji wa London."

"London? Kerubo, ulikopa London na uko Doonside?"

Kabla sijajibu akaingia Baba Chris, ambaye anafanya kazi kwenye ghala moja kule Ingleburn, alikuwa kwenye mapumziko, amevaa fulana ile ya kung'aa na barakoa kidevuni, nyuma yake magari ya kubeba mizigo yanapiga honi. Akasema, "Hebu nielewe. Unataka sisi tukukopeshe ulipe wale wengine. So utakuwa tu na deni ingine, ama? Umesaidika wapi?"

Nikawaambia, na sijui maneno yalitoka wapi kwa ufasaha ule, kwamba deni la zamani lina riba kubwa na linaiva lote mara moja, litanivunja mgongo, lakini hili jipya riba yake ni ndogo na limetawanywa miaka mingi, na kila mwaka nitatenga fungu pembeni lisiloguswa na mtu hata kukiwa na njaa, ili siku ya mwisho ikifika pesa ziwe zinasubiri. Niliyasema kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza. Baba Chris akatingisha kichwa. "Aah, hapo sawa. Natuma hamsini saa hii."

Na mvua ikaanza, pesa zikiingia kwenye akaunti ya kikundi anayoishika Deo. "Nimetuma." "Nimetuma kidogo, mwezi ni mgumu." "Sina shifti wiki hii lakini pokea hii kumi." Huyo wa kumi alinichoma, maana nilijua kweli hana. Watu waliofungiwa ndani, ambao hawajui kesho wataitwa kazini au la, walikuwa wananitumia bila hata kujua nadaiwa kiasi gani. Nilijikaza. Nilijiambia nitarudisha zote mchana. Nikatamani Margaret aseme muda umekwisha, lakini Margaret alikuwa ameegemea mbele kama mtu anayetazama mpira wa penalti.

Halafu Mama Shiru akasema kwa sauti ya chini, "Kerubo, sikia. Mimi nina ile deposit ya nyumba. Nilikuwa nanunua mwaka huu. Chukua, ulipe hao watu, utanirudishia pole pole vile umesema."

Miaka yote ile ya zamu za usiku! Nilivua kofia. Nikasema, "Mama, hapana. Hakuna deni. Yaani liko, lakini si langu, ni la mji mmoja wa zamani, huu ni mtihani wa chuo, na hawa ni mwalimu na wanafunzi wenzangu." Halafu nikamgeukia Margaret nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nimemdanganya, hawa hawakualikwa, walidhani nina shida wakaja.

Yule aliyekuwa anakaanga akazima jiko. Nilitamani Zoom ya bure, ile inayokukata.

Mwishowe Mama Shiru akakohoa. "Sasa huo mji," akauliza, "ulilipa?"

"Ulilipa, Mama."

"Yote?"

"Yote."

"Basi Bwana asifiwe," akasema, na chumba kizima kikajibu amina, Margaret naye akajibu, amechelewa kidogo.

Somo nilipita. Margaret alinikata alama kwa kupitiliza muda na kwa ule uongo, lakini aliniandikia kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha alikuwa hajawahi kumwona mwanafunzi akiulizwa maswali makali kiasi kile na watu waliokuwa tayari kutoa pesa zao. Nililia nikicheka. Kisha nikampigia Deo nimwombe arudishe kila senti, na akaandika kwenye group kwamba anayetaka pesa yake aseme. Hakusema mtu. Siku nzima group ile, inayopiga kelele hata kuhusu bei ya unga wa ugali, ilikaa kimya.

Jioni Mama Shiru akanipigia. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Wacha hiyo. Nataka nikuulize kitu kimoja. Pale ulisema hauna pa kwenda, uliigiza?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Kerubo, mimi ni nesi. Mtu anaigiza uchungu namjua, na mtu ako na uchungu namjua. Rent umelipa?"

Nilijaribu kusema niko poa, Mungu ni mwema. Halikutoka. Nikakaa chini pale pale sakafuni jikoni nikamwambia yote, shifti, kodi, uji wa jioni, na yeye akasikiliza mpaka mwisho bila kukohoa hata mara moja, halafu akasema, "Sasa hii ndiyo ungetuambia. Hii hatungekuuliza hata swali moja." Pesa zile zikalipa kodi yangu mpaka kazi iliporudi, na hakuna aliyewahi kunidai, wananidai kicheko tu, na hicho nakilipa kila Jumamosi.

Kwa hiyo nimeapa. Sitafungua tena mlango wa watu kimya kimya, na sitasema tena niko poa wakati siko poa. Hili la pili ni gumu kuliko nilivyodhani. Mwezi uliopita gari langu liligoma barabarani, fundi akataja bei nikaona giza, nikakaa na simu mkononi nikiandika na kufuta, nikiandika na kufuta, na mwisho nikaandika kwenye group, "Wapendwa, nimekwama." Nikabonyeza kabla sijabadili mawazo. Deo alikuwa wa kwanza kujibu. Aliuliza kama safari hii ni mimi mwenyewe ama ni mji.