Nyonga Mpya ya Mama Mwiko

Shuleni walimwita Mama Mwiko, na jina hilo likamfuata mpaka mtaani, hata waliomjua ukubwani wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Alipika katika shule moja ya bweni tangu akiwa msichana mwenye mikono kama vijiti mpaka alipostaafu akiwa na mabega ya mpiga mieleka. Masufuria ya pale yalitaka watu wawili kuyaepua. Mwenzake wa zamu alikuwa mtu wa kuchelewa, basi Mama Mwiko aliyaepua peke yake, akiyaegemeza kwenye nyonga ya kulia huku akimlaani mwenzake kwa sauti ya chini. Alipostaafu, nyonga nayo ikataka kustaafu.

Kwanza alikakamaa asubuhi tu, mpaka atembee kidogo. Baadaye maumivu yakawa ya kutwa, naye akaanza kuchechemea. Mguu wa kulia uligusa chini kidogo tu, kama unaokanyaga makaa, wa kushoto ukaupokea mwili kwa kishindo. Mumewe alimtania kwa hilo.

"Sihitaji kengele mimi," alisema. "Ukiingia getini tu nakusikia. Ti-paa, ti-paa. Najua bibi kafika, niache uvivu."

Mumewe alikuwa fundi bomba, na hakuna aliyemwita vinginevyo isipokuwa Fundi, hata mkewe. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye vidole vilivyopinda kwa kushika spana maisha yake yote. Nyumba nyingi za mtaa ule zilipata maji kwa mkono wake. Halafu akaanza kusahau. Alisahau majina ya vifaa, akasahau nyumba za wateja wa miaka na miaka, na siku moja akarudi na mkoba wake wa kazi umejaa viatu vya watu. Hapo ndipo mkewe alipouficha mkoba.

Kitu kimoja hakikumtoka: kufunga mabomba. Kila alipopita jikoni au bafuni alikaza koki kwa nguvu zake zote, kisha mkewe akawa hawezi kuifungua na kulazimika kumwita tena.

"Nani kafunga hivi?" Fundi aliuliza kwa hasira, akiifungua. "Huyu ataharibu uzi wa koki!"

"Fundi mmoja hivi," mkewe alijibu. "Hana akili hata kidogo."

"Usimwite tena."

"Simwiti."

Mama Mwiko aliweza kuishi hivyo. Alijifunza kutobishana naye, kumpa nguo moja moja kwa utaratibu ule ule, kumshika kiwiko badala ya kiganja, maana akishikwa kiganja alidhani anakamatwa. Kilichomshinda ni mguu.

Asubuhi moja alikuwa anaanika nguo, akaona geti liko wazi. Fundi alikuwa ameshafika mbali, anaelekea barabara kuu, mikono nyuma, kama mtu anayewahi kazini. Mama Mwiko akamwita. Hakugeuka. Akajaribu kumkimbilia, nyonga ikamgomea hatua chache tu kutoka getini, akabaki ameshika ukuta, anatazama mgongo wa mumewe ukipungua na malori yakipita mbele yake. Akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Aliyemrudisha Fundi alikuwa muuza magazeti wa pale kona, aliyemshika shati akiwa ameshaweka mguu mmoja barabarani.

Jioni ile alimpigia simu binti yao, aliyekuwa akiishi mji mwingine na mume na watoto wake.

"Nakubali ule upasuaji," alisema.

"Mama, si ulisema hutaki kukatwa mfupa wako mzuri?"

"Nimesema nakubali. Nikibaki na mguu huu, siku moja nitasimama hapa nimwone baba yako akigongwa."

Wakapanga. Fundi angekaa kwa binti mpaka mama apone, kwa sababu hakuna ambaye angeweza kumlinda yeye na kumuuguza mkewe ndani ya nyumba moja. Siku ya kuondoka alikaa kwenye gari la mkwe wake akiwa amevaa kofia ya kazi, anatabasamu.

"Twende sote," alimwambia mkewe.

"Tangulia. Nakwenda hospitali kutengenezwa mguu, halafu nakuja kukuchukua."

"Usichelewe basi."

"Sichelewi."

Upasuaji ulikwenda salama. Daktari alimwambia kwamba mfupa wake ulikuwa umelika kama ufagio wa zamani, na kwamba sasa ana kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe kipya. Akarudishwa nyumbani na mikongojo, dawa, sindano za kuzuia damu isigande, na makatazo: asiiname, asikunje nne, asikae kwenye kiti kifupi, asilale bila mto katikati ya mapaja.

Mdogo wake wa kike alikuja kumuuguza. Huyu alikuwa mjane asiyejua kunyamaza. Aliinua kitanda kwa matofali, akaweka kiti cha plastiki bafuni, akatoa mazulia yote ili dada yake asijikwae. Alimvalisha soksi zile ndefu za kubana, akihema na kutokwa jasho.

"Dada, hizi soksi zimeshonewa kuku," alisema. "Vuta pumzi."

"Zinavaliwa mguuni, si tumboni. Nivute pumzi ya nini?"

"Ya kunisaidia mimi!"

Mama Mwiko alicheka, lakini kucheka kulimuuma. Kwenda chooni ilikuwa safari. Kitu kikianguka chini kilibaki chini mpaka mdogo wake aje. Alizoea kulishana, kufuliana, kuvishana, ila siku zote yeye ndiye aliyekuwa upande wa kutoa. Sasa alilala chali akitazama dari, na upande wa pili wa kitanda ulikuwa umetandikwa vizuri mno.

Kila jioni walimpigia Fundi. Mwanzoni alimtambua mkewe sawasawa.

"Umekula?" aliuliza Mama Mwiko.

"Nimekula. Unarudi lini wewe? Watu wa hapa maji yao hayatoki vizuri."

"Karibu nitakuja. Natembea mpaka mlangoni sasa."

"Haya. Usichelewe."

Baadaye akawa anajibu kwa mkato. Kisha jioni moja alisikiliza kimya, halafu akasema kwa adabu, kama anavyosema na mteja: "Fundi hayupo, mama. Jaribu kesho." Akakata simu.

Wale ndugu wawili walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu Mama Mwiko akaomba kanga ya kufutia uso, akaushika uso ndani ya kanga ile muda mrefu, mdogo wake akakosa la kusema, jambo ambalo kwake lilikuwa kama ugonjwa.

Baada ya hapo simu zikapungua. Binti alikuwa na sababu kila siku. Baba amelala. Baba anaoga. Baba yuko nje na wajukuu. Alipokuja mwenyewe kumwona mama yake, Mama Mwiko alimngoja aweke mizigo chini.

"Baba yako anazungumza bado?"

"Anazungumza, mama."

"Ananitaja?"

Binti alianza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. "Daktari alisema usiwe na mawazo, mama. Alisema ukiwa na mawazo kidonda hakifungi vizuri."

"Kidonda kimeshafunga. Niambie."

Ndipo binti akasema. Nyumba ngeni ilimvuruga baba. Alitafuta choo kabatini. Aliwaogopa wajukuu, akadhani ni watoto wa jirani waliokuja kuiba vifaa. Asubuhi nyingine alimwita yeye, mwanawe wa kumzaa, "mama mwenye nyumba," akimuuliza bomba gani limeharibika.

"Na mimi?"

"Tutakuja kukuchukua ukiwa tayari," binti alisema, akilia. "Sikutaka ujue ukiwa umelala. Ungefanya nini?"

Kweli, asingefanya lolote. Hilo ndilo lililomuuma zaidi ya kuambiwa.

Akaanza kufanya mazoezi kama mtu anayefukuzwa. Mtaalamu wa mazoezi, msichana mmoja mkakamavu aliyekuja nyumbani na kamba zake za mpira, alimkuta siku moja mguu umevimba mpaka soksi haipandi.

"Mama, nilikwambia utembee kidogo kidogo. Umefanya nini?"

"Nimetembea."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwa mume wangu."

Yule mtaalamu akamlaza, akamwinulia mguu juu ya mito, akamkataza kutoka kitandani mpaka uvimbe ushuke. Hakumgombeza tena. Uliposhuka, alitumia muda mwingi kumwondolea kuchechemea. Alimweleza kwamba nyonga imeshapona, ila mwili bado una hofu ya zamani. Alimtembeza koridoni huku na huku, akimwambia, "Kanyaga, mama, usiuogope, ni mguu wako." Mama Mwiko akakanyaga. Ikafika siku akatembea kwa fimbo moja, mgongo umenyooka, hatua zimelingana. Mdogo wake alipiga makofi na kusema sasa anatembea kama mkaguzi wa shule.

Mkwe wake alikuja kumchukua. Walimwekea mto kwenye kiti cha gari ili asikae chini sana. Alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo Fundi alilipenda, na njia nzima alilipapasa magotini kulinyoosha.

Fundi alikuwa sebuleni kwa binti, amekaa karibu na dirisha. Alikuwa amekonda. Alipomwona mwanamke mwenye fimbo akiingia, alisimama haraka, akamvutia kiti.

"Karibu, mama. Kaa hapa, usiitese miguu."

Mama Mwiko alikaa. Alimshika kiwiko, si kiganja.

"Fundi. Nimekuja."

"Karibu sana."

"Ni mimi. Mke wako."

Fundi alicheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni. Akamtazama binti yake kuomba msaada, kisha akainama na kusema kwa sauti ya chini, "Mke wangu anaumwa mguu, mama. Yuko hospitali. Nimeambiwa nimsubiri hapa."

"Ameshapona."

"Hapana. Yule nikimsikia namjua. Hatembei hivi."

Baada ya chai Mama Mwiko aliomba kwenda kunawa. Alipokuwa peke yake koridoni, aliiegemeza fimbo ukutani na kujaribu kuchechemea. Akanyage kidogo kulia, aangukie kushoto. Mwili haukujua tena. Ulitoka mwendo wa ajabu, kama wa mtoto anayemwigiza mzee, naye akaona haya hata bila mtu wa kumwona. Alijaribu tena mpaka mlango wa sebule. Fundi aliinua kichwa.

"Pole, mama," alisema. "Umeteguka?"

Mama Mwiko alimchukua mumewe akarudi naye nyumbani. Binti alisema amwache, kwamba haina maana tena, kwa kuwa kwa baba sasa kila nyumba ni ngeni. Mama Mwiko akasema maana anaijua mwenyewe.

Basi waliishi hivyo, Fundi na mama mgeni aliyempikia na kumwogesha. Fundi alimshukuru kwa kila kikombe. Hakukubali walale kitanda kimoja. Alisema yeye ni mtu mwenye mke, watu watasema. Mama Mwiko akahamia kitanda alichokiacha mdogo wake, chumba cha pili, akiacha milango wazi. Fundi akitoka getini, mkewe alimfikia kabla ya kona. Alimuuliza anakwenda wapi, na jibu lilikuwa lile lile: hospitali. Basi walitembea pamoja, Fundi akimweleza habari za mkewe.

Alisema mkewe ni mkali. Kwamba aliwapikia watoto wa watu kutwa nzima na bado akirudi nyumbani hakumpa chakula cha jana. Kwamba walipompoteza mtoto wao wa kwanza, yeye Fundi alikwenda kuchimba mtaro wa mabomba siku ya pili yake kwa sababu hakujua auweke wapi mwili wake mwenyewe, na mkewe hakumlaumu. "Nilitaka nimwambie," alisema. "Kuhusu mtaro ule. Sikuwa nimekimbia kazini. Nilikuwa nalia humo ndani, hakuna wa kuniona. Akitoka hospitali nitamwambia."

"Mwambie," alisema Mama Mwiko. Ilibidi asimame kidogo. "Atafurahi kujua."

"Unadhani?"

"Najua."

Katika miaka yote ya ndoa hawakuwahi kulizungumza jambo lile. Aliyekuja kulisikia alikuwa yeye, na hakuweza kumjibu kama mkewe.

Fundi alifariki msimu wa baridi, kwa kichomi kilichomchukua upesi. Siku ya mwisho hospitalini alikuwa akihema kwa shida, mkewe amemkalia pembeni. Fundi alifungua macho akamtazama muda mrefu. Binti baadaye alisisitiza kwamba baba alimtambua, na kwamba yeye aliliona hilo kabisa. Mama Mwiko hakukataa wala hakukubali. Alichokisikia yeye ni "Asante, mama," na hilo Fundi alimwambia hata muuguzi.

Msibani watu walimsifu alivyopona. Walimshika mikono, wakampa pole, na kwa pumzi hiyo hiyo wakamwambia anavyotembea vizuri, hata fimbo hana. Aliwashukuru wote. Mdogo wake alitaka kuhamia kwake moja kwa moja, akamkatalia, kisha akamkubalia aje kila Jumapili mradi asilete soksi.

Alipokwenda kuangaliwa, daktari alimwonyesha picha ya nyonga, kile chuma cheupe kimekaa mahali pake bila kasoro. "Imeshika vizuri sana, mama," alisema. "Kuna la kuuliza?" Mama Mwiko alifikiri, akasema hakuna.

Lifti ilikuwa na watu wengi. Akashuka kwa ngazi, mkoba begani, akiwaza kama ana mafuta ya taa nyumbani. Alipofika chini ndipo alipogundua kwamba hakushika ukingo wa ngazi hata mara moja. Akageuka amwambie mtu. Akasimama pale kidogo, watu wakimpita kulia na kushoto, kisha akatoka nje kutafuta basi.